Usitukane Wakunga: Kwa Nini Naitetea PHP

Ukitaka kuwachekesha vijana wa kompyuta hapa Kigali, huhitaji hadithi ndefu. Waambie tu kwamba wewe unaandika programu kwa PHP. Mmoja atauliza, "Kwani ile bado ipo?" Mwingine atasema ati hiyo ni lugha ya wazee. Wa tatu hatasema kitu, atatabasamu tu, na tabasamu hilo ndilo baya kuliko maneno yote, kwa sababu huna namna ya kulijibu.

Mimi nataka kulijibu. PHP si ndugu yangu, na wala hakuna mtu anayenilipa kuisifu. Najibu kwa sababu ndani ya kicheko kile kuna swali la maadili ambalo sisi wakimbizi tunalijua kuliko watu wengi: je, ni haki kukihukumu kitu kwa jina lake na kwa habari zake za zamani? Na kama kitu chenyewe hakina roho, hakisikii uchungu wala hakilali njaa, je, kinaweza kudhulumiwa?

Kwanza tujuane na mshtakiwa, maana najua wasomaji wengi wa jarida hili hawajawahi kuandika hata mstari mmoja wa programu.

Unapofungua tovuti kwenye simu, simu yako inatuma ombi kwa kompyuta nyingine iliyo mbali, tunayoiita seva. Kule kwenye seva lazima pawepo programu ya kupokea ombi lako, kwenda kutafuta habari mahali zilipohifadhiwa, kuzipanga ziwe ukurasa, kisha kukutumia. Ni kazi ya jikoni. Wewe unaona sahani tu, humwoni mpishi. PHP ni mojawapo ya lugha ambazo wapishi hao huandikiwa maagizo.

Aliyeianzisha anaitwa Rasmus Lerdorf, mtu aliyezaliwa Greenland. Hakukusudia kuunda lugha. Alitaka tu kujua ni watu wangapi wanaosoma wasifu wake aliouweka kwenye intaneti, akajitengenezea vifaa vidogo vya kumsaidia, na mwaka 1995 akavitoa bure kwa yeyote anayevitaka. Watu wakaviomba, wakavirekebisha, wakaongeza vyao. Wawili katika hao, Zeev Suraski na Andi Gutmans wa Israeli, waliandika upya moyo wa lugha hiyo, na PHP 3 ikatoka mwaka 1998. Kwa hiyo PHP haikuchorwa na mhandisi kabla ya kujengwa. Ilikua kama kambi inavyokua: mtu anaweka shitingi hapa, jirani anaongeza ukuta wa udongo pale, baadaye inakuja njia, baadaye inakuja bomba la maji. Ukiitazama kutoka juu unaona vurugu. Ukiishi ndani unajua kila kona iliwekwa na mtu aliyekuwa na shida ya kweli siku ile.

Leo PHP inafanya kazi gani? Katika tovuti ambazo lugha yake ya seva inajulikana, zaidi ya asilimia 70 zinatumia PHP. WordPress, ambayo imebeba tovuti za mashirika mengi, magazeti na makanisa, imeandikwa kwa PHP. Moodle, darasa la mtandaoni linalotumiwa na vyuo vingi duniani, kikiwemo Chuo Kikuu cha Rwanda, imeandikwa kwa PHP. Wikipedia pia. Facebook ilipoanza mwaka 2004 iliandikwa kwa PHP, ingawa baadaye kampuni hiyo ilijitengenezea lugha yake, Hack, kutoka humo humo. Kwa maneno mengine, kijana anayeicheka PHP asubuhi huenda jioni akasomea mtihani kwenye ukurasa ulioandaliwa na PHP. Wazee walisema usitukane wakunga na uzazi ungalipo.

Lakini wingi wa watumiaji si ushahidi wa ubora. Wali mbichi ukiliwa na watu elfu haugeuki kuwa umeiva. Kwa hiyo tuyasikilize mashtaka yenyewe, bila kuficha.

Shtaka la kwanza: PHP haina mpangilio. Ni kweli. Kuna agizo moja la kutafuta neno ndani ya sentensi, ambalo linataka uanze kutaja sentensi, kisha neno. Kuna agizo jingine la kutafuta kitu ndani ya orodha, ambalo linataka uanze kutaja kitu, kisha orodha. Hakuna sababu ya maana ya tofauti hiyo, na mpaka leo ipo. Kila anayejifunza hukosea hapo.

Shtaka la pili: PHP ilikuwa inakisia mambo. Kwa miaka mingi, ukiiuliza kama sifuri ni sawa na neno "ndizi", ilijibu ndiyo. Sababu yake inaelezeka: ilijaribu kuligeuza neno liwe namba, na neno lisilo na namba ndani yake likahesabiwa kuwa sifuri. Lakini kosa linaloelezeka bado ni kosa, na liliwaponza watu.

Shtaka la tatu ndilo zito: usalama. Zamani PHP ilikuwa na mazoea ambayo mgeni yeyote akiandika kitu kwenye anwani ya tovuti, kitu hicho kiliweza kuingia moja kwa moja ndani ya programu kama vile kimewekwa na mwenye nyumba. Pia masomo mengi ya bure yaliyosambaa kwenye intaneti yaliwafundisha watu kuchukua maneno ya mgeni na kuyapachika moja kwa moja katika ombi la hifadhidata. Wezi walifurahi sana. Tovuti nyingi ziliingiliwa, na habari za watu zikaibiwa. Sisi ambao majina yetu, alama za vidole vyetu na hadithi za kukimbia kwetu zimehifadhiwa katika kompyuta za watu wengine, hatuwezi kuliona shtaka hili kuwa dogo.

Basi mashtaka yana ukweli. Anayeitetea PHP kwa kusema haikuwahi kuwa na kosa hamtetei mtu, anadanganya. Ila tuulize kilichofuata.

Ule mlango wa kuingizia vitu kutoka kwenye anwani ulifungwa kama desturi mwaka 2002, na ukang'olewa kabisa mwaka 2012. Njia salama ya kuzungumza na hifadhidata imekuwemo ndani ya PHP tangu 2005. Desemba 2015 ilitoka PHP 7, ambayo kwa kazi nyingi ilikuwa na mbio karibu mara mbili ya ile iliyotangulia. Novemba 2020 ilitoka PHP 8, na tangu siku hiyo ukiiuliza kama sifuri ni sawa na "ndizi", inajibu hapana. Laravel, iliyoanza 2011, imewapa waandishi utaratibu wa kazi ambao hauoni haya mbele ya lugha nyingine yoyote. Kazi hii ilifanywa na watu wengi kidogo kidogo, wengi wao bila mshahara, kila mwaka wakitengeneza kipande.

Na kicheko? Kicheko hakikubadilika hata kidogo. Mwaka 2012 ilisambaa insha moja ndefu ya Kiingereza iliyohesabu makosa ya PHP moja baada ya jingine. Mengi yalikuwa ya kweli wakati ule. Wapo wanaoitumia mpaka leo kama hati ya hukumu, ingawa makosa mengi yaliyotajwa yameshatengenezwa.

Hapa ndipo naona tofauti kati ya lawama na dharau. Lawama ya haki inataja kosa, inataja wakati, inataja mahali. Inasema: agizo hili, katika toleo hili, linafanya vibaya. Kosa likitengenezwa, lawama inanyamaza au inahamia kwenye kosa jingine la kweli. Dharau haitaji kitu. Inasema tu, "PHP, bwana, unajua ilivyo." Ukiuliza ilivyo vipi, inacheka. Kipimo changu ni kimoja, nawe unaweza kukitumia kesho asubuhi: muulize anayelaumu, "Nini kikibadilika utaacha kulaumu?" Akiwa na jibu, kaa naye uandike alichosema, huyo ni mwalimu wako. Akiwa hana jibu, usipoteze muda wa umeme wako.

Ndugu msomaji, sidhani kama ninahitaji kukueleza kwa nini kipimo hicho kinanigusa. Unajua jinsi mtu anavyoweza kuonyesha kitambulisho, barua ya mtaa, cheti cha shule na maneno ya jirani, na bado aliye ng'ambo ya meza anasema, "Nyinyi watu wa kambi mnajulikana." Hakuna karatasi inayotosha, kwa sababu hakuna karatasi iliyokuwa inatafutwa.

Lakini sitaki kuruka haraka kutoka kwenye lugha ya kompyuta hadi kwa binadamu. Tupite kwanza kwenye lugha ya binadamu, hii ninayoiandika sasa.

Hapa Rwanda, kwa muda mrefu, Kiswahili hakikuwa na jina zuri. Kilihesabiwa kuwa lugha ya wachuuzi, ya Waislamu wa Biryogo na Nyamirambo, ya askari, ya watu wa mjini wasio na kwao. Mtu akikuita umuswahili, mara nyingi hakuwa anasema kwamba unajua lugha. Alikuwa anasema kwamba wewe ni mjanja, una maneno mengi, usiaminike. Uganda nako, watu waliokumbuka enzi za Idi Amin walikisikia Kiswahili kama sauti ya mwanajeshi anayebisha mlango usiku. Hawakuwa wamekosa sababu. Wale wanajeshi walikuwepo kweli. Lakini lugha haikushika bunduki.

Na sisi tuliotoka Uvira, Bukavu, Goma na Fizi tunaujua ule utani: Kiswahili kilizaliwa Zanzibar, kikakulia Tanganyika, kikaugua Kenya, kikafa Uganda, kikazikwa Kongo. Tumeusikia, tukacheka pamoja na wengine, maana utani ni mtamu. Lakini kaa kidogo ufikirie unachosema. Unasema kwamba mama anayesema "batoto" badala ya "watoto", anayesema "niko naenda" badala ya "ninaenda", amekaa juu ya kaburi. Mama huyo anafanya biashara kwa lugha hiyo, anaomba kwa lugha hiyo, anapatanisha majirani kwa lugha hiyo. Maiti gani hii inayofanya kazi nyingi hivi?

Februari 2017 Bunge la Rwanda lilipitisha sheria ya kukifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi. Uganda nayo ilifuata njia hiyo kwa uamuzi wa baraza la mawaziri mwaka 2022. UNESCO imeipa lugha hii siku yake, tarehe 7 Julai. Je, Kiswahili cha Biryogo kilibadilika usiku mmoja kuamkia siku ya sheria? Hapana. Wauzaji wa chai waliamka wakasema kama walivyosema jana. Kilichobadilika ni sikio la msikilizaji. Hili linatufundisha kwamba sehemu kubwa ya tunachokiita ubaya wa lugha hakimo ndani ya lugha. Kimo katika hali ya watu wanaoonekana wakiisema.

Sasa turudi kwenye kompyuta, maana huko jambo hili limewahi kusemwa waziwazi na mtu mkubwa.

Mwaka 1964, katika chuo cha Dartmouth huko Marekani, walimu wawili, John Kemeny na Thomas Kurtz, waliunda lugha iitwayo BASIC. Wakati ule kompyuta ilikuwa mali ya wanasayansi na wahandisi. Wao walitaka mwanafunzi wa historia au wa fasihi naye aweze kuketi na kuiamuru mashine ifanye kazi. Kwa hiyo wakaifanya lugha yao iwe nyepesi, yenye maneno machache ya kawaida, ili mgeni asifukuzwe mlangoni.

Mwaka 1975 Edsger Dijkstra, Mholanzi, mmoja wa wanasayansi wakubwa wa kompyuta wa karne ile, mtu aliyekwisha kupewa Tuzo ya Turing, aliandika kuhusu BASIC. Hakuishia kusema kwamba lugha ile ina kasoro. Alisema kwamba mwanafunzi aliyeanza na BASIC karibu haiwezekani kumfundisha programu nzuri, kwa kuwa akili yake imeshaharibiwa bila tumaini la kupona. Angalia njia ambayo maneno yamepita. Yalianza kwenye chombo, yakaishia kwenye kichwa cha aliyekishika. Nadhani alitia chumvi ili asikike, na mambo mengine aliyoyafundisha kuhusu kuandika programu kwa nidhamu ni ya thamani mpaka leo. Lakini sentensi ile imekaa, na watu wadogo kuliko yeye wameirudia bila chumvi, kama ukweli mtupu.

Ukweli ulikwenda njia nyingine. Linus Torvalds, aliyeanzisha Linux, ambayo ndiyo msingi wa simu zote za Android tulizonazo, alianza akiwa mtoto kwa BASIC kwenye kompyuta ya babu yake. Akili yake haikuharibika.

Na huyo John Kemeny, aliyeifungua milango, alikuwa nani? Alizaliwa Budapest, Hungaria, katika familia ya Kiyahudi. Mwaka 1940, akiwa kijana mdogo, familia yake ilikimbilia Marekani, maana Ulaya ilikuwa inawageukia Wayahudi. Alikuwa mkimbizi. Baadaye alikuwa msaidizi wa Einstein katika hesabu, na baadaye zaidi akawa mkuu wa chuo kile cha Dartmouth. Sitaki kusema kwamba kila mkimbizi hufungua milango, wapo kati yetu wanaoifunga. Nasema tu kwamba lugha iliyochekwa kuliko nyingi ilitoka katika mikono ya mtu aliyejua mlango uliofungwa una sura gani, na sioni kwamba hilo ni jambo dogo.

Kwa hiyo lile swali la mwanzo sasa linaweza kujibiwa. Je, kitu kisicho na roho kinaweza kudhulumiwa? Chenyewe, hapana. PHP hailii. Ukiitukana usiku kucha, asubuhi itaamka itume kurasa zake kama kawaida. Lakini dharau haikai kwenye chombo. Inateremka mpaka kwa mtu anayekitumia, na mtu huyo ana roho.

Fikiria msichana aliye Kiziba au Mahama. Laptopu aliyo nayo ni ya zamani, imepita mikono mitatu. Intaneti ni ya kununua kwa bando, na bando linashindana na sabuni na mafuta ya kupikia. PHP inamfaa kwa sababu za wazi. Kuna programu kama XAMPP inayoweka seva nzima ndani ya laptopu moja, akajifunza bila intaneti hata kidogo. Maagizo yake anaweza kuyaandika kwa chombo chochote cha kuandikia, akahifadhi, akafungua, akaona matokeo hapo hapo. Miradi mingi ya kisasa ya JavaScript huanza kwa kupakua mamia ya vifurushi vidogo kutoka kwenye intaneti kabla hujaandika neno lako la kwanza. Nafasi ya kuweka tovuti ya PHP ni miongoni mwa zile za bei ya chini kabisa. Na kwa kuwa kazi inafanywa kwenye seva, ukurasa unaweza kufika ukiwa mwepesi, hata kwenye simu dhaifu ya mama yake.

Msichana huyo anatengeneza daftari la ikimina cha kina mama, kile tunachokiita likelemba sisi wa Kongo: nani ametoa, nani bado, zamu ya nani wiki ijayo. Linafanya kazi. Ugomvi wa hesabu unapungua. Halafu anakuja mjini kwenye mkutano wa vijana wa teknolojia, anaeleza alichokifanya, na swali la kwanza analoulizwa ni, "Umetumia lugha gani?" Anajibu. Wanatabasamu.

Hakuna aliyeuliza kina mama wangapi wanalitumia. Hakuna aliyeuliza kama nywila zao zimehifadhiwa salama, swali ambalo lingekuwa la maana kweli, na ambalo lingemfanya arudi kambini na kazi ya kufanya. Wameuliza kabila la programu, wakaridhika. Yule msichana anarudi akiamini kwamba miaka miwili ya usiku wake ilikuwa ya kazi bure. Huyo ndiye aliyedhulumiwa. Na kina mama wa likelemba pamoja naye, kama ataliacha lile daftari.

Na aliyetabasamu naye amepoteza kitu, ingawa hajui. Amejizoeza kuhukumu bila kutazama. Mazoea hayo hayabaki kwenye kompyuta. Mtu aliyezoea kusema "PHP unajua ilivyo" hana safari ndefu kufika kwenye "Wakongomani unajua walivyo", "Warundi unajua walivyo". Sisemi kwamba ni dhambi ileile, kumcheka binadamu ni kubaya zaidi mara elfu. Nasema misuli inayotumika ni ileile.

Wasomaji wetu mnaofanya kazi kwenye mashirika, hapa nina neno lenu. Kozi za kompyuta zinapoletwa kambini, mara nyingi jina la lugha huchaguliwa kwa kuwa linasikika vizuri katika ripoti. Mwaka huu ni hili, mwaka ujao ni lile. Vijana wanajifunza miezi mitatu ya kitu kimoja, mradi unaisha, mradi mwingine unakuja na kitu kingine, na wa kwanza unaitwa wa kizamani. Wazee walisema usiache mbachao kwa msala upitao. Kabla ya kuchagua, ulizeni: kitafanya kazi bila intaneti? Kitabaki baada yetu? Kuna mtu kambini anayekijua tayari, ambaye anaweza kuwa mwalimu? Mkijibu maswali hayo mkapata Python, leteni Python. Mkipata PHP, msione haya kuiandika kwenye ripoti.

Nasikia pingamizi. Msomaji mmoja atasema: maneno mazuri, lakini matangazo ya kazi mjini yanataka lugha nyingine, na wewe unawafundisha vijana kukaa na PHP yao wakafa njaa nayo. Pingamizi hili ni la haki na nalijibu hivi. Jifunze lugha ya pili. Jifunze na ya tatu. Anayejua moja vizuri hujifunza nyingine haraka, kama wewe uliyejua Kiswahili, Kinyarwanda na Kifaransa ulivyoingia Kiingereza. Kutetea chombo si kuapa kwamba hutashika kingine. Na kama kazi yenyewe inahitaji kitu ambacho PHP haikiwezi vizuri, sema hivyo waziwazi, usiwe kama mbaazi, ukikosa maua husingizia jua. Ninachokataa ni mtu kuiacha lugha kwa aibu. Kuiacha kwa sababu ni sawa, hata mimi nitakusindikiza.

Kuna pingamizi jingine, hili linatoka kwa watu wa upande wangu. Wapo wanaoitetea PHP kwa kuzitukana nyingine: ati JavaScript ni takataka, ati Java ni ya watu wanaolipwa kwa idadi ya maneno. Hapana, ndugu zangu. JavaScript iliundwa kwa siku kumi tu mwaka 1995, mwaka uleule wa PHP, nayo ikachekwa kwa miaka mingi kama mchezo wa watoto kabla ya kupendwa. Java wanayoisema ni nzito ndiyo iliyobeba OpenMRS, kumbukumbu za wagonjwa ambazo tangu 2006 zimetumika Rwinkwavu, mashariki mwa nchi hii, na Eldoret kule Kenya. Daktari anayefungua faili la mgonjwa wa HIV na kukuta tarehe zake zote zipo hajali kama maneno yalikuwa mengi. Tukilipiza dharau kwa dharau tutakuwa tumehamisha tu mahali pa kucheka.

Ninachoomba ni kidogo. Ukisikia jina la lugha, kabla ya kutabasamu, uliza mambo matatu: imefanya kazi gani, imemsaidia nani, na kosa unalolijua bado lipo au ni la zamani? Maswali hayo matatu yanatosha kwa PHP. Yanatosha pia kwa Kiswahili cha Kongo. Na wewe uliye ofisini, ng'ambo ya meza, mtu akiingia na karatasi zake mkononi, jaribu kumuuliza hayohayo kabla ya kumwambia kwamba watu wa kwao wanajulikana.